Mguu wa Kulia wa Mwalimu

Mwalimu alikuwa na hasira na dunia nzima, lakini hasira yake kubwa aliwawekea madereva. Asubuhi akifungua mlango wa shule yake ya udereva, shule yenyewe chumba kimoja chenye ubao, meza na mchoro wa makutano ya barabara alioupaka rangi mwenyewe ukutani, utamkuta kashaanza. Mji umeoza. Watu hawana adabu. Mtu anakuja mbio mpaka kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, halafu ndiyo anakumbuka kwamba gari lina breki, tena huyo ni yule anayekumbuka. Akitoka hapo anavuka kwa kinyozi, anaendelea alipoishia. Kinyozi ameisikia hotuba hiyo mpaka imemkaa kichwani, na wateja wakiwa wachache humwigiza Mwalimu mwanzo mwisho, na mkono anaupunga vilevile.

Lakini haki yake tumpe, hakuwa mtu wa maneno matupu. Kamati ya usalama barabarani pale mtaani aliianzisha yeye, na mwenyekiti alikuwa yeye. Alitaka matuta kila kona, kamera kila nguzo, na faini ya kumtoa mtu jasho. Kwa miaka alizungushwa kwenye korido za manispaa, njoo kesho, njoo keshokutwa, mpaka mwishowe wakubwa wakachoka kumwona. Wakakubali kuja Jumapili moja kwenye ukumbi wa mtaa wamsikilize yeye na wenzake. Mtu alipomuuliza kama kweli matuta yatawabadilisha watu, alimtazama mpaka muulizaji akaona haya. Watu hawabadiliki kwa kuombwa, alisema. Watu wanabadilishwa.

Sasa wiki hiyohiyo alikuwa na jambo jingine lililomkosesha usingizi, na hilo lilikuwa la nyumbani. Kitindamimba wake, muuguzi, alikuwa amepata kazi aliyoiota tangu amalize masomo: kuwatembelea wagonjwa majumbani, wale wasioweza kuinuka kitandani, kwa gari la zahanati. Sharti lilikuwa moja tu, leseni ya udereva. Mtihani ulikuwa wiki inayofuata, na akianguka, nafasi anapewa mwenzake aliyekuwa anasubiri nyuma yake. Binti huyu damu haimtishi, kidonda hakimtishi, lakini gari lilikuwa linamtetemesha. Na wa kumfundisha atakuwa nani kama si baba yake? Mtu hawezi kuwa na kisima uani akaenda kuomba maji kwa jirani.

Gari la shule lilikuwa la zamani lakini linatunzwa. Upande wa mwanafunzi lina pedali zake, na upande wa mwalimu lina pedali nyingine, zimeunganishwa na zile kwa chuma kinachopita chini, ili mambo yakiharibika mwalimu aokoe roho za watu. Mwalimu alipenda kuwaambia wanafunzi wapya kwamba pedali zile ni za siku ya hatari tu, na kwamba yeye hazigusi ovyo. Aliamini hivyo kwa moyo wake wote. Ungemweka mbele ya hakimu angeapa.

Kufundisha kwake kulikuwa kwa kelele. Angalia kioo, si hicho, kile. Punguza. Nimesema punguza, huna masikio. Unamwachia huyo njia ya nini, kwani ni baba yako? Piga honi, mji huu ukiwa mpole utalala barabarani. Binti alikuwa amezizoea kelele hizo tangu utotoni, anazipokea kimya, shingo imekakamaa, macho mbele. Na kwa kweli alikuwa anaendelea vizuri. Gari likienda, linakwenda. Likitakiwa kusimama, linasimama. Mwalimu alikuwa anamsifia kwa mama yake, si mbele yake.

Siku ya tukio ilikuwa asubuhi kweupe, jua limeshachangamka. Walikuwa wanateremka kile kilima kinachoishia kwenye duka la magodoro. Mbele ya duka iliegeshwa pikapu, magodoro yamepangwa hadi juu, na nyuma yake mama mmoja mteja amesimama, mkoba ameutua kwenye bampa, anakaza kamba ya mzigo wake. Mwalimu aliiona pikapu kutoka mbali. Aliona pia kwamba binti hajapunguza, na wala hilo halikumshtua. Mguu wake wa kulia uliondoka wenyewe, ukashuka, ukakanyaga.

Pedali ikazama mpaka chini bila kushika kitu.

Akakanyaga tena. Hakuna. Akamgeukia binti yake, na hapo ndipo alipoona kitu ambacho hajakisahau mpaka leo. Binti alikuwa ametulia. Mikono kwenye usukani, macho mbele, pikapu inakuja, na usoni hana wasiwasi wowote. Alikuwa anangoja. Mwalimu alifungua mdomo, mdomo uliozoea kazi hiyo, na sauti ikamkauka. Alipokuja kukumbuka breki ya mkono walikuwa wameshafika, na gari likaingia kwenye bampa la pikapu kwa kishindo kilichotoa watu madukani.

 Godoro moja liliteleza kutoka juu, likaja kulala kwenye kioo cha mbele, ndani kukawa giza. Mwalimu akatoka anapepesuka, anamtafuta yule mama. Alimkuta mlangoni mwa duka, mzima. Mwenye duka alikuwa amemwita aje achague foronya, naye akageuka tu, akapiga hatua mbili tatu. Mkoba wake ulikuwa umebanwa kati ya bampa na bampa, umekuwa bapa. Mama yule aliutazama mkoba, akautazama mwili wake, akakaa chini palepale kizingitini. 

Binti alikuwa ameshuka upande wa pili. 

"Baba, mbona hukukanyaga?"

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe. Si huwa unakanyaga wewe."

Hakuwa anamlaumu. Hilo ndilo lililomchoma. Aliuliza kama mtu anayeuliza mbona leo taa haikuwaka. Mwalimu akasema kwa ukali kwamba breki ni ya mwenye usukani, iko chini ya mguu wake, amefundishwa siku ya kwanza. Hapo mwuza magodoro akawa ameshafika, mtu mnene, mpenda watu, aliyepata leseni yake kwenye gari hilohilo zamani, mwaka shule ilipofunguliwa. Aliangalia pikapu yake, akaangalia gari, akamwangalia Mwalimu kwa huruma. Akamwambia asimkaripie mtoto bure. Enzi zao ilikuwa vilevile, wao walikuwa wanashika usukani tu, breki ni yake. Kila mtu anajua.

"Anajua nani?" Mwalimu akauliza.

"Wote tuliopita kwako," mwuza magodoro akasema. "Kwani wewe hujui?"

Gari lilivutwa mpaka uani kwa Mwalimu. Mchana ule hakula. Alivaa ovaroli, akalala chali chini ya usukani, akaona haraka kilichotokea: pini ya kile chuma cha kuunganisha ilikuwa imechomoka na kuanguka, basi. Kitu kidogo. Alishusha pumzi. Kumbe ni pini, akajiambia, ni bahati mbaya, kila chombo kina siku yake. Alikuwa anataka kujitoa mvunguni aende akaoshe mikono, macho yakaangukia kwenye raba za pedali.

Raba ya breki ya mwanafunzi ilikuwa mpya. Siyo mpya ya dukani, lakini mistari yake yote ipo, imesimama, unaweza kuipitishia ukucha. Akageuza kichwa upande wake. Raba ya breki ya mwalimu ilikuwa imelika ikawa laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni, na kwenye kona chuma kilikuwa kimetokeza, kinang'aa. Akafikiri labda macho yanamdanganya. Akaipapasa hii, akaipapasa ile. Akaangalia klachi, klachi ya mwanafunzi ilikuwa imelika kama inavyopasa, ya kwake haikuguswa. Gia walibadilisha wao. Kusimama alisimama yeye.

Jamani, mtu anaweza kukaa na mguu wake mwenyewe miaka yote hiyo na asijue unafanya nini. Alijaribu kukumbuka mara moja tu, moja, ambapo mwanafunzi wake alisimamisha gari peke yake huko barabarani, na hakupata. Mtihani? Mtihani unafanyiwa uwanjani, taratibu, kati ya madebe, na pale hata asiyejua husimama. Barabarani hawakujifunzia kwake. Walijifunza baadaye, mbele huko, kila mtu na ajali yake. Na hapo wazo likamjia ambalo lilimfanya akae kitako mchangani na ovaroli lake. Madereva wa mji huu, aliokuwa anawatukana kila kukicha, hawakuwa wakorofi. Walichelewa kidogo tu, pumzi moja. Pumzi ile moja walikuwa wanamngoja yeye.

 Alishika kichwa kwa mikono yenye grisi, na mke wake alimkuta hivyohivyo, amekaa uani mchana wa jua kali.

Habari aliyokuja nayo mke haikuwa nzuri. Kitindamimba amejifungia chumbani. Amesema usukani hataugusa tena maishani, na Jumatatu anakwenda zahanati kuwaambia nafasi wampe mwenzake. Anasema kila akifumba macho anaona ule mkoba. Mwalimu akanyanyuka aende akamgongee mlango, ampe maneno, amwambie mtihani lazima. Mke akamzuia kwa kiganja kifuani. Akaanza kusema kwamba mtoto akiachwa apumue kwanza, basi huenda...

"Huenda akatulia mwenyewe," Mwalimu akammalizia.

Mke akashusha kiganja. Akamtazama sana.

"Mume wangu," akasema, "nilikuwa sitaki kusema hivyo. Hujawahi kujua nilikuwa nataka kusema nini. Hata mimi huwa unanikanyagia."

Akaingia ndani, akamwacha amesimama. Siku zote Mwalimu alidhani wanaelewana sana na mke wake, mpaka sentensi wanagawana. Sasa alisimama pale uani akijaribu kukumbuka sentensi moja ya mke wake iliyofika mwisho, na alipata chache, tena za zamani, za uchumba.

Siku mbili zilizofuata aliishi kama mtu aliyehamia kwenye mwili wa mtu mwingine. Alijichunguza akashangaa. Mezani, mkewe akinyanyua sufuria, mguu wake wa kulia ulikuwa unasukuma sakafu. Kwa kinyozi, wembe ukipita shingoni, mguu. Mgeni akieleza kisa chake taratibu, mguu, na mdomo nao umeshamkimbilia mbele. Kiraka cha zulia chini ya kiti chake pale shuleni kilikuwa kimetoboka, naye kila mwaka alikuwa anawalaumu panya. Kinyozi alimuuliza mbona leo hatoi hotuba, anaumwa? Akajibu kwamba bado anatafakari. Kinyozi akasema basi kweli anaumwa.

Jumapili ikafika. Ukumbi ulijaa, viti vikaisha, watu wakasimama ukutani. Wakubwa wa manispaa walikaa mbele na chupa zao za maji, wakitegemea kelele. Mwalimu alipanda jukwaani. Hotuba alikuwa nayo kichwani, ameichonga miezi. Akafungua mdomo, akatazama watu, na kwa mara ya kwanza akawaona. Mwuza magodoro, amejaza nusu ya mstari wa pili. Fundi umeme, huyo alirudia mtihani mara nyingi. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Dereva wa gari la taka. Yule mama wa foronya alikuwapo, hakuwa mwanafunzi wake, alikuja kudai barabara salama, na alikuwa na haki. Katika safu baada ya safu walikaa watu waliowahi kukaa kwenye kiti kile cha usukani, kulia kwake, wakimngoja awaambie ubaya wa madereva.

"Ndugu zangu," akasema, na sauti ikatoka ndogo. "Hao madereva ninaowasema kila siku ni ninyi. Na ninyi nimewafundisha mimi. Breki nilikuwa nawafungia mimi, na nilikuwa sijui."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akidhani ni utani. Alipoona hakuna aliyemfuata, akakohoa. Mkubwa wa manispaa akamnong'oneza mwenzake. Mwalimu akawaeleza yote, raba na kilima na mkoba, bila kupamba. Akasema matuta waombe, ni mazuri, na yeye atayaomba pamoja nao, lakini hawezi tena kusimama mbele ya watu akawataka wabadilike wao na huku mguu wake mwenyewe haujui. Kila aliyepita kwake na akaona anafaa kurudi, arudi. Wataanza upya. Yeye atakaa pembeni, na mguu wake atauzuia.

"Na mdomo?" kinyozi akauliza kutoka mlangoni.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata wakubwa. Mwalimu alisubiri wamalize, uso unamwaka moto.

"Na mdomo," akasema.

Hakujua kwamba binti yake alikuwa pale nyuma, amekuja na mama yake, amejifunika mtandio. Nyumbani siku ile hakuna aliyelitaja jambo hilo. Walikula, wakaosha vyombo. Mke wake alisimulia kitu kuhusu dada yake, kirefu, kimepinda huku na huku, na Mwalimu alikisikiliza mpaka mwisho ameshika ukingo wa meza. Mwisho wa hadithi haukuwa kabisa ule alioutarajia.

Jumatatu asubuhi alitoka uani akidhani binti ameshakwenda zahanati kuikataa kazi. Akamkuta amesimama karibu na gari. Gari lilikuwa limenyooshwa mbele kwa nyundo, baya la sura lakini zima, na ile pini Mwalimu alikuwa ameshaweka mpya, ameikaza, ameikaza tena. Pedali zake zilikuwa zinafanya kazi barabara.

"Mguu na mdomo," binti akasema. "Umeahidi mbele ya watu."

Akaingia upande wa usukani.

Nikuambie ukweli, aliyekuwa anaogopa pale hakuwa binti. Mwalimu alifunga mkanda, akaweka mikono juu ya magoti, akaukunja mguu wa kulia chini ya wa kushoto kama mtoto aliyekatazwa kitu. Mtaa wa kwanza aliuma mdomo. Mtaa wa pili binti alichelewa kusimama kwenye kona, gari likaruka kidogo, likazima, na Mwalimu akameza maneno mengi kiasi kwamba alisikia yanateremka kooni. Binti akaliwasha. Akajaribu tena. Alisimama mapema mno, kisha kwa kishindo, kisha vizuri. Kila mara mguu wa Mwalimu ulichomoka kwenye mkunjo ukakanyaga zulia, pembeni mwa pedali, na kila mara aliurudisha.

Wakaingia barabara kubwa. Magari mbele, magari nyuma, mwendo umechanganya. Kutoka uchochoro wa maghala akatokea mtu anavuta mkokoteni wa mabati, mrefu kuliko gari, ameinama, uso chini, hasikii kitu kwa kelele za mabati yenyewe. Akaingia barabarani.

Mguu ulishafika juu ya pedali. Mwalimu aliuona uko pale, kiatu juu ya raba iliyolika, na kwa kweli pedali ilikuwa nzima na angeweza. Mtu yule angeweza kufa. Binti angeweza kuua. Akikanyaga, hakuna atakayemlaumu, wala binti.  Akamtazama binti yake usoni, na safari hii uso ule haukuwa umetulia. Macho yalikuwa yamemtoka. Mwalimu akauinua mguu wake hewani, akaushika goti kwa mikono miwili, akangoja.

Gari likasimama.

Lilisimama lenyewe, yaani lilisimamishwa na yeye, binti, meno yameumana, mguu wake umenyooka mpaka chini. Kati ya bampa na mabati palikuwa na nafasi ya kutosha mtu kupita. Mwenye mkokoteni aliinua uso, akaganda. Binti akatoa mkono dirishani, akampungia taratibu, pita, pita tu. Mtu akaanza kuvuta. Mzigo mzito, gurudumu limeingia shimoni, hatoki. Nyuma honi zikaanza, moja, mbili, nyingi, ndefu za hasira, na Mwalimu alizitambua namna zinavyopigwa, maana alifundisha yeye. Binti hakusogea. Alikaa na mkono wake nje, akimzuilia yule mtu barabara nzima, mpaka gurudumu likatoka na mabati yote yakavuka.

Mwalimu alikuwa bado ameshika goti.  Yeye hajawahi kumfundisha mtu kumngoja mwenye mkokoteni. Alifundisha kupiga honi.

"Hilo la kumpisha," akauliza, "kakufundisha nani?"

Binti alifikiri kidogo, akaingiza gia.

"Hakuna," akasema. "Siku zote nilikuwa nakusikiliza wewe, baba. Leo nimemwona yeye."